Watoto Waliohamia Busi

Shule ya Msingi Chinyambwe,
Bahi.
Jumapili, 23 Machi 2025

Kwa Mwalimu Hanifu Rehani,
Kizota, Dodoma.

Baba yangu, assalaam aleikum, na shikamoo.

Naanza na goti lako. Mama aliniambia juma lililopita kwamba sasa unasali umekaa kwenye kiti, na kwamba hutaki mtu akushike mkono ukipanda ngazi za msikiti. Nakuombea nafuu. Nataka pia kujua kama wale mafundi wa mageti jirani yetu wamekubali kuzima mashine zao wakati wa tarawehe, au bado mnasali huku cheche zinaruka. Mdogo wangu Mwanaharusi amenitumia picha ya futari ya nyumbani. Nimeona nafasi yangu mkekani imekaliwa na chupa ya chai.

Mimi ni mzima. Funga inakwenda vizuri. Mwaka huu mbuga imejaa maji, majaruba yote yamepandwa mpunga, na vyura wanapiga kelele mpaka darasani. Mama ninayepanga kwake si Mwislamu, lakini kila siku ananiwekea uji wangu pembeni na kuufunika kwa sahani mpaka jua lizame. Ananiita mwalimu wa kushinda njaa. Anasema kama Mungu wetu angekuwa Mgogo, angeshatuonea huruma akaturuhusu angalau mlenda.

Utajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga simu. Nilijaribu mara mbili. Kila ukipokea unaniita mwalimu mwenzangu, kwa ile sauti yako ya furaha, nami nalainika, tunaishia kuzungumzia goti. Karatasi haina sauti, Baba. Naomba uisome yote kabla hujanipigia.

Nianze na shule, kwa sababu uliiongoza na umekuwa ukiniuliza habari zake. Tuko walimu sita kwa watoto zaidi ya mia sita. Darasa la kwanza na la pili wanasoma chumba kimoja, nusu wakitazama ukuta wa mbele na nusu ukuta wa nyuma, na walimu wawili wanafundisha huku migongo yao ikielekeana. Huyu akisema a, e, i, yule anasema moja jumlisha mbili, na kuna watoto wamekwisha kuchanganya, ukiwauliza mbili jumlisha mbili wanakujibu o. Kitabu kimoja wanakizunguka saba. Watoto wanaongea Kigogo mpaka kengele ya mstarini, kisha tunawataka wageuke Waswahili kabla kengele haijanyamaza. Mimi ni mwalimu wa darasa la saba. Ninao arobaini na wanane. Katika hao, kumi na mmoja hawawezi kusoma aya moja wakaimaliza. Wamefika darasa la saba kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasimamisha njiani awaulize.

Mwalimu mkuu, Mwalimu Gerson, alinipokea kama mtoto wa nyumbani. Ananikumbusha kila mara kwamba alianza kazi chini yako, akiwa kijana mwenye baiskeli isiyo na breki. Siku ya kikao cha wazazi alinisimamisha mbele akasema huyu ni damu ya Mwalimu Hanifu, yule aliyetuletea ufaulu wa mia kwa mia, shule ya kwanza wilaya nzima. Walimu walipiga makofi. Vijana walipiga makofi. Wazee waliokaa nyuma hawakupiga, nikadhani hawakusikia vizuri.

Mmoja wa wazee hao alinifuata baada ya kikao. Anaitwa Mzee Ebenezer. Macho yake yameanza kuingia ukungu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanishika mkono muda mrefu, kisha akaniuliza kama nimekuja na barua. Nilifikiri anataka kuhakikisha kwamba mimi ni mwalimu kweli. Nikafungua mkoba, nikampa barua yangu ya kupangiwa kituo cha kazi. Aliisogeza karibu na jicho moja, akaigeuza, akapapasa mhuri kwa kidole gumba, akanirudishia. Nilirudi nyumbani nikicheka peke yangu, nikijiambia kumbe wazee wa huku ni wakali kuliko wakaguzi.

Mama ninayepanga kwake ni binti wa mzee huyo. Anaitwa Ruthu, ana miaka thelathini na moja, na ndiye anayepika uji wa shule. Ana ulimi mwepesi, na anapenda kunitania. Hajui kusoma zaidi ya jina lake. Siku moja tulikuwa tunachambua mchele, nikamuuliza alisoma wapi. Alicheka, akasema yeye alihamishwa, na mpaka leo anatafuta shule aliyohamishiwa, nikiiona nimwambie. Nami nikacheka. Nimekirudia moyoni kicheko hicho mara nyingi tangu siku ile.

Mwanzoni mwa mwezi huu mvua ilivujisha stoo, tukatoa vitabu vyote nje vianikwe. Chini kabisa kulikuwa na rejista za zamani zilizofungwa kwa katani. Nilipoona jalada la darasa la saba la mwaka 2008, lenye jina lako na ule mwandiko wako ambao Mama husema umeandikwa na kuku aliyekunywa pombe, nilifurahi kama mtu aliyeokota picha ya nyumbani barabarani. Nilikaa kwenye kizingiti nikaifungua.

Majina tisa yalikuwa yamekatwa kwa mstari mwekundu, ulionyooka, uliopigwa kwa rula. Mbele ya kila jina kulikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu. Amehama. Mbele ya majina mawili ya kwanza neno lilikuwa limeandikwa ameama, kisha herufi h ikabanwa juu, ndogo, kama mtu aliyechelewa akaingizwa kwenye benchi lililokwisha kujaa.

Baba, huo haukuwa mwandiko wako.

Nilikumbuka yote nikiwa nimekaa pale kizingitini. Ulikuwa unarudi Kizota Ijumaa jioni na rejista kwapani. Jumamosi asubuhi unaniita mezani, unanipa kalamu nyekundu na rula, unaniambia wewe ndiye karani wangu, mwandiko wako kama wa chapa. Nilikuwa darasa la tatu. Nilikuwa na miaka tisa. Unataja jina, nalikata. Unasema amehama, naandika. Niliandika ameama kwa sababu ndivyo tulivyotamka mtaani kwetu, nawe ukacheka mpaka ukavua miwani, ukasema mwanangu, bila h neno hili halina maana. Nikaiongeza. Majina saba yaliyofuata niliyaandika bila kosa, na nilijivuna sana.

Nilikuuliza swali moja tu. Nilikuuliza wanahamia wapi. Ulikuwa unakoroga chai. Ulisema Busi, kule Kondoa, wana ndugu zao, na karanga zinastawi. Sikuuliza tena. Kwa miaka mingi nilikuwa naamini Busi ni mji mkubwa kuliko Dodoma, kwa sababu kila mwaka watoto walihamia huko na sikuwahi kusikia aliyerudi. Niliwaonea wivu. Nikiwa mwaka wa pili chuoni tulikwenda Kondoa kwa mazoezi, tukapita Busi. Niliona nyumba chache, mashamba, mbuzi, na watoto wachache wakiokota kuni. Nilitazama dirishani nikajiuliza, kwa mzaha, wale watoto wangu wote wako wapi.

Jina la nne katika rejista ile ni Ruthu Ebenezer.

Sikukaa na jambo hilo moyoni. Jioni ile, kabla ya kufuturu, nilimpelekea rejista jikoni nikamwonyesha jina lake. Jina lake analijua. Aliligusa, akaugusa mstari mwekundu, akauliza pale pembeni pameandikwa nini. Nikamsomea. Akanisimulia, akiendelea kukoroga sufuria.

Alisema asubuhi moja wewe, mwalimu mkuu, ulimwambia asiingie darasani, kwa kuwa amehamishwa. Hakuambiwa wapi. Alikwenda shambani akamwambia baba yake. Mzee Ebenezer alifurahi. Alidhani mtoto wake amechaguliwa. Alimnunulia ufagio mpya, kwa sababu mwanafunzi mgeni haingii shule mikono mitupu, akamchukua wakaenda kwa miguu mpaka shule ya jirani kuuliza kama jina lake limefika. Halikuwa limefika. Kesho yake wakaenda shule ya pili. Siku ya nne wakavuka mbuga kwenda ya tatu, yeye amebeba ufagio kichwani, viatu mkononi. Mwalimu wa huko alicheka, akamwambia baba yake kwamba mtoto hahami kama kuku, huhama na barua. Basi Mzee Ebenezer akarudi kwako, akakuomba barua.

Ruthu anasema uliongea naye vizuri sana. Ulimpa kiti. Ulimwambia barua iko njiani.

Walisubiri mpaka mpunga ukavunwa. Walisubiri mpaka mtihani ukapita. Mzee Ebenezer alimwambia mkewe kwamba bila shaka mtoto amepelekwa shule ya mbali sana, ndiyo maana barua inakawia. Mwaka uliofuata Ruthu aliolewa. Ule ufagio, anasema, alikwenda nao kwa mumewe, ukafagia mpaka ukaisha. Alipofika hapo alicheka, akaniambia mwalimu, futuru, uji unapoa.

Nilielewa mzee yule aliniuliza barua ipi.

Sasa nikueleze yaliyotokea siku tisa zilizopita, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Mwalimu Gerson aliniita ofisini. Mezani alikuwa ameweka rejista ya darasa langu na kalamu nyekundu. Alisema majina ya watahiniwa yanapelekwa mwisho wa mwezi, na bado kuna jina moja linatuvuta chini kuliko yote. Ni Nyemo, binti wa Ruthu. Namfahamu Nyemo kuliko mtoto yeyote shuleni. Tunatenganishwa na ukuta wa udongo, namsikia akikohoa. Tangu Februari nasoma naye kila jioni, kidole chake chini ya neno. Juma lile nilikuwa nimewapa insha kuhusu familia zao. Nyemo aliandika mistari mitatu. Wa pili ulisema: baba yangu ameama. Ni kweli, baba yake aliondoka kwenda machimboni miaka mitano iliyopita, hajarudi. Nilikuwa nimeinua kalamu kusahihisha, nikashindwa kuiongeza ile h.

Nilimwambia Mwalimu Gerson kwamba Nyemo hajahama. Hakukasirika. Alizungumza nami kama mjomba. Alisema binti, mtoto atahama kwenye karatasi tu, mwili utabaki hapa hapa kuchota maji. Alisema mimi ni mgeni, sijaona wakuu wa shule za mwisho wanavyosimamishwa kikaoni kama watoto waliochelewa, wakisomewa asilimia zao mbele za watu. Alisema hata Nyemo mwenyewe tunamwepusha na aibu. Nilipokataa tena alitabasamu, akasema nisijifanye sijui, mimi si mgeni wa kazi hii. Akaniambia kwamba kabla sijapangiwa kituo ulimpigia simu. Ulimwambia aniombe kwa majina. Ulimwambia, nanukuu kama alivyosema: mchukue huyu, ana mwandiko safi na hana maswali.

Hana maswali, Baba.

Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko la shule nikasimama. Nilitaka kulia nikashindwa. Nilifikiria ile siku ulipoletewa habari ya kituo changu, ulivyonikumbatia ukasema Mungu ana njia zake, mtoto anarudi alipopita baba. Nilifikiria cheti chenye fremu sebuleni. Nilifikiria lile godoro mlilopewa zawadi kwa ajili ya mia kwa mia, ambalo mimi na Mwanaharusi tumelilalia mpaka naondoka kwenda chuo. Kila kitu nilichokuwa nakipenda kwako kilikuwa kipo palepale, sikuweza kukiondoa, na ndicho kinachouma. Kama ungekuwa mtu mbaya ningejua pa kukuweka. Lakini wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Ulinishika kidole ukakiweka chini ya neno. Nawe huyo huyo ulimwambia mtu mwingine kwamba barua ya mtoto wake iko njiani.

Nilikuwa nataka barua hii iishie hapo, na wewe peke yako ndani yake. Siwezi, kwa sababu nimefunga, na kwa sababu si kweli.

Mwezi wa kwanza, shule zilipofunguliwa, Mwalimu Gerson aliniletea majina manne ya darasa langu. Aliniambia familia zao zimefuata ng'ombe wao kwenye malisho. Watu wa huku huhama kweli na mifugo, hakunidanganya kwa jambo lisilowezekana. Nilichukua kalamu nyekundu na rula. Nilikata majina manne, nikaandika amehama mara nne, kwa mwandiko wa chapa, na h zote mahali pake. Nilisikia raha ndogo mkononi, raha ya zamani, ambayo sikujua inatoka wapi.

Siku ileile, narudi nyumbani, nilimkuta Perisi jarubani, maji magotini, sketi ya shule ameikunja kiunoni, anapanda mpunga. Perisi alikuwa jina la pili. Alinyanyua kichwa akasema shikamoo mwalimu. Nikaitikia marahaba, nikapita. Nilijiambia bila shaka amerudi kusalimia. Nilijua, Baba. Hatua tatu baada ya kuitikia nilijua, nikaongeza mwendo. Mwaka 2008 nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa nimekaa na baba yangu. Januari hii nilikuwa na ishirini na sita, nina shahada, na nilikuwa peke yangu. Mwalimu Gerson hakukosea kuniomba. Wala wewe hukumdanganya kuhusu maswali.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Mbele ya majina yale manne nimeandika hakuhama, nikatia sahihi yangu na tarehe. La Nyemo sikuligusa, liko kama lilivyo, safi. Nimekwenda kwenye nyumba zote nne. Watoto watatu wamerudi darasani. Perisi akiniona kwa mbali anaingia mpungani anachuchumaa, na sijui nitamwambia nini akitoka, lakini nitaendelea kwenda. Mwalimu Gerson amekataa kusaini orodha ya watahiniwa yenye majina yao wote. Kesho asubuhi kijana wa bodaboda aitwaye Zaidi atanipeleka ofisi ya elimu ya wilaya, Bahi, na orodha yangu, na rejista zote mbili, ya mwaka huu na ya 2008. Nimeandika maelezo ya kurasa mbili. Nimesema ni mkono gani ulioandika kila neno, na aliyekuwa anausomea mkono huo. Jina lako limo. Sikuongeza kitu na sikupunguza. Inawezekana watakuita. Inawezekana mimi sitabaki na kazi. Nakuambia mapema kwa sababu sikutaka usikie kwa watu, si kwa sababu naomba ruhusa.

Idd sitakuja nyumbani. Mweleze Mama nitakuwa hapa, na usimfiche barua hii. Naomba aisome mwenyewe, asisomewe. Mwambie namkumbuka kwa kila kijiko cha uji. Mwanaharusi nimemsamehe ile chupa ya chai, aiache tu mahali pangu. Majirani mafundi wasalimie wote.

Wewe nakuomba jambo moja. Goti likiruhusu, panda basi uje Bahi siku yoyote baada ya Idd. Usije kwangu. Nyumba ya Mzee Ebenezer unaijua, haijahama. Ukifika atakushika mkono muda mrefu, maana haoni vizuri, kisha atakuuliza kama umekuja na barua. Safari hii mjibu.

Ni mimi mwanao,
Khairat.

Nimeandika kwa kalamu ya bluu, kwa mkono wangu. Huna haja ya kuuliza mwandiko ni wa nani.